Maserati Ilizaliwa Kama Nganya

Wacha niseme mapema ndio mwenye kukasirika akasirike mapema. Ile Maserati ya zamani umeweka kwa skrini ya simu yako ilitengenezwa vile nganya hutengenezwa. Sisemi zinafanana kidogo. Nasema ni kazi ile ile: chasisi na injini kutoka huku, giaboksi kutoka nchi nyingine, difu kutoka nchi ya tatu, halafu wasee wenye nyundo kwa gereji fulani wanafunika hayo yote na bati na kubandika jina lao.

Hapo kwa kubandika jina ndio kuna shida yangu. Tutafika.

Hii maneno ilianza na komenti. Nilikuwa nimeweka video ya nganya mpya ya Eastlands, rangi bado inanuka, na buda mmoja akaandika chini yake kwamba hiyo ni lori ya Isuzu imepakwa poda, na watu wa kutengeneza gari ni Waitaliano. Komenti ikapata laiki kushinda video. Sawa. Kama mnataka Italia, twendeni Italia.

Mji unaitwa Modena, miaka ya hamsini. Maserati ilianzishwa na ndugu wa jina hilo mwaka 1914 huko Bologna, lakini kufika 1937 walikuwa wameiuza kwa mtu anaitwa Adolfo Orsi, ambaye ndiye aliihamisha Modena. Orsi alikuwa nani? Mtu wa skrepa. Alianza na vyuma chakavu akapanda mpaka akamiliki viwanda vya chuma. Ukikaa Kariokor hiyo kazi unaijua, wale jamaa wa mkokoteni huamsha watu asubuhi wakiitisha vyuma kuukuu na betri mbovu. Basi mmoja wa aina hiyo ndiye alikuwa bosi wa Maserati.

Mwaka 1957 Juan Manuel Fangio alishinda ubingwa wa dunia wa Formula One akiendesha Maserati 250F. Utukufu juu ya utukufu. Na mfuko umetoboka. Mwisho wa msimu huo huo kampuni ikatoa timu yake kwa mashindano, na 1958 ikawa chini ya usimamizi wa mahakama sababu ya madeni. Mabingwa wa dunia, auctioneer anachungulia kwa geti.

Kilichowaokoa ni gari moja, Maserati 3500 GT, iliyoonyeshwa Geneva mwezi wa tatu 1957. Kabla ya hapo Maserati ilikuwa inauza gari za barabara kama mtu anauza mayai ya kuku wawili: kwa karibu miaka kumi hazikufika 150. Hiyo si biashara, ni starehe. 3500 GT ikauza kama 2,200 mpaka 1964. Kwa gari ya bei hiyo, enzi hiyo, ni kitu kubwa.

Sasa ifungue uone ndani. Mhandisi mkuu alikuwa Giulio Alfieri. Injini ilikuwa yao, hiyo siwezi wanyima: silinda sita, lita tatu na nusu, damu ya gari yao ya mashindano, kila silinda na plagi mbili. Lakini endelea kuingia chini. Giaboksi ni ZF, Ujerumani. Difu ni Salisbury, Uingereza. Breki ni Girling, Uingereza. Sehemu za sasipensheni ya mbele ni Alford & Alder, Uingereza. Mwaka 1961 wakatoa modeli yenye mfumo wa kusukuma mafuta bila kabureta, wakaiita GTI, na huo mfumo ukatoka Lucas, Uingereza tena. Yaani Alfieri alifanya kitu kila mtu wa magari hapa hufanya akiteremka Kirinyaga Road, ile bado tunaita Grogan kwa jina la mkoloni: alizunguka mpaka akapata spea ya kuingia. Kampuni haikuwa na pesa ya kujenga mashine za kutengeneza kila kitu, kwa hivyo ikanunua kilicho kizuri kwa wenye kukitengeneza.

Hakuna mtu leo anasema 3500 GT ni poda juu ya spea za Mwingereza. Inaitwa klasiki.

Na bodi? Maserati hawakuwa wanatengeneza. Chasisi ilienda Milano, karibu kilomita 170, kwa watu wanaitwa Touring. Hiyo ni karakana ilianzishwa 1926 na Felice Bianchi Anderloni, ambaye kwa masomo alikuwa mwanasheria. Kazi yao iliitwa Superleggera, maana yake nyepesi kupita kiasi. Ilifanywa hivi: unachomelea mabomba membamba ya chuma mpaka yanakuwa kama mifupa yenye umbo la gari, halafu unalaza shuka za alumini juu na kuzikunja kwa yale mabomba. Gari la kwanza la 3500 GT walilovalisha lilikuwa jeupe, na watu wakalibatiza Dama Bianca, Bibi Mweupe. Ona. Hata jina la mtaani ilikuwa nalo, kama nganya yoyote.

Sasa rudi Nairobi. Isuzu NQR inaunganishwa hapa hapa mjini, na wengi huinunua kama chasisi: reli mbili za chuma, injini, magurudumu, pahali pa deree. Haina paa, haina viti, haina pande. Inapelekwa kwa watengeneza bodi. Huko wanachomelea mabomba ya mraba mpaka kunakuwa na mifupa ya basi, halafu wanalaza bati juu. Rudi usome kile nimeandika juu ya Touring. Nimebadilisha tu alumini na bati.

Hapa kuna wale watasema, lakini Maserati ni gari ya safari na nganya ni matatu ya kubebana. Sawa, tuongee kuhusu hilo jina. Gran Turismo maana yake ni utalii mkubwa, mzunguko mkubwa. Linatoka kwa ile tabia ya vijana matajiri wa Uingereza karne ya 17 na 18, walikuwa wanazungushwa Ulaya miaka kadhaa mpaka Roma eti wakomae. Gari ikaitwa hivyo kwa sababu inakupeleka mbali, haraka, umeketi vizuri, mzigo umekaa nyuma. Wengi huhesabu ya kwanza ya ukweli kuwa Lancia Aurelia B20 ya 1951, ambayo mwaka huo huo ilimaliza ya pili kwa Mille Miglia, ile mbio ya barabara ya wazi ya Italia, ikiwa na injini ya lita mbili tu na Ferrari ya lita nne ndiyo iliiweza. Sasa niambie mtu wa Rongai, masaa mawili kwa jam jioni, na viti vya ngozi, skrini na spika zinakupasua kifua, huyo hafanyi mzunguko mkubwa? Huyo hata Roma angekuwa ashafika.

Na kama ni urembo wa Kiitaliano ndio unakuzuzua, kumbuka Safari Rally ya 1975. Lancia walileta Stratos, gari imechorwa kwa Bertone, imekaa kama kisu, injini ya Ferrari mgongoni. Sandro Munari akamaliza wa pili. Aliyeshinda alikuwa Ove Andersson na Peugeot 504, gari ya sura ya mwalimu mkuu. Stratos ilirudi tena na haikuwahi kushinda Safari hata mara moja. Lancia ilibidi wangoje mpaka 1988, na Delta. Urembo ni kitu moja, matope ya Kenya ni kitu nyingine, na nganya kila asubuhi inafanya zote mbili.

Lakini mtu ninayetaka mumjue kabisa ni Sergio Scaglietti.

Alizaliwa 1920 hapo Modena. Baba yake akafa, na akiwa na miaka 13 akaanza kazi kwa gereji ya kutengeneza bodi za magari. Akakulia kwa nyundo. Mwaka 1951 akafungua yake, karibu na Ferrari, na Enzo Ferrari akampenda kwa sababu alikuwa ananyorosha magari yaliyogongwa yakirudi mazuri kuliko yalivyokuwa. Scaglietti alikuwa anachukua shuka ya alumini, anaiweka juu ya gunia la mchanga, anapiga nyundo mpaka mviringo unatokea. Mara nyingi bila mchoro. Kwa jicho.

Hiyo mikono ndiyo ilivalisha Ferrari 250 GTO. Zilitengenezwa 36 tu, kuanzia 1962 hadi 1964, na mwaka 2018 moja ikauzwa kwa mnada zaidi ya dola milioni 48. Watu husema bei hiyo ni ya injini na historia ya mashindano, na ni kweli, lakini hakuna mtu anabandika injini ukutani. Wanabandika ile sura. Sura ya mtu aliyeingia gereji na miaka 13.

Toka hapa Kariokor utembee kama dakika kumi na tano uende Kamukunji. Utasikia kabla uone. Wasee wamekaa chini wanapiga bati: masanduku ya shule, majiko, karai, mapipa. Kila mtu aliyesoma bodin alibeba sanduku lililopigwa hapo, na hakuna hata mmoja anajua nani alilipiga. Rais Moi alifika hapo 1985 akawaahidi vibanda, na hilo jina jua kali likaingia kwa midomo ya wakubwa. Mimi nimesimama hapo nikaangalia mzee akikunja kona ya sanduku juu ya kipande cha reli, mapigo kama nane, kona imekaa kama imekatwa na mashine. Hapimi. Anaangalia tu. Mtu akiniambia hicho ni kipaji tofauti na cha Scaglietti, anionyeshe tofauti iko wapi.

Najua vile hii itasomwa, maana nyinyi mnajua niliacha kampasi mwaka wa pili. Mtasema natafuta watakatifu wa watu walioacha shule. Hapana. Hiyo hiyo 250 GTO ilianzishwa na Giotto Bizzarrini, mwenye digrii ya uhandisi kutoka Pisa. Akagombana na Enzo Ferrari 1961 akatoka na wenzake, na kazi ikamaliziwa na Mauro Forghieri, naye mwenye digrii, kijana wa miaka 26. Gari hiyo inataka wote wawili: wa hesabu za injini na wa gunia la mchanga. Kitu kinanikuna ni kwamba yote matatu, majina yao yamebaki. Bizzarrini, Forghieri, Scaglietti. Mwaka 2004 Ferrari ilitoa gari nzima ikaiita 612 Scaglietti, mzee akiwa bado hai. Alikufa 2011 akiwa ameona jina lake nyuma ya gari jipya.

Na msifikirie hao Waitaliano walikuwa malaika wa mpangilio. Ferruccio Lamborghini, mtu wa matrekta, alipoonyesha gari lake la kwanza Turin 1963, injini ilikuwa haitoshei chini ya bodi. Stori inayojulikana ni kwamba waliweka mawe ya kujengea ndani ili gari likae chini vizuri, wakafunga boneti, na maonyesho yote hakuna mtu aliruhusiwa kuchungulia. Halafu wakapeleka kwa Touring, wale wale wa Milano, wakaichora upya, na 1964 ikatoka kama 350 GT. Kama hiyo ingefanyika Industrial Area mngesema ndio hii Kenya yetu.

Sasa herufi ya O kwa GTO. Watu huitamka kama kitu kitakatifu. Ni Omologato, na maana yake ni imekaguliwa ikapitishwa. Ni stika ya inspekshen! Sheria ilitaka uwe umetengeneza gari 100 ndio ihesabiwe gari ya GT kwa mashindano. Ferrari hawakuwa nazo, hawakuwa karibu nazo, wakasema hii ni ile 250 GT ya kawaida tu tumeiboresha, na ikapita. Kila mwenye matatu amewahi jaribu hiyo maneno kwa afisa wa ukaguzi.

Natania lakini hapa kuna kitu si cha mchezo. Sisi pia tuna omologato yetu. KEBS wana kiwango kinaitwa KS 372, cha vile bodi ya gari la abiria inafaa kujengwa: nguvu ya mifupa, viti vimefungwa vipi, milango ya dharura. Hicho kiwango hakikutoka hewani. Kimetoka kwa ajali, kwa mabasi yaliyopinduka paa likafunguka kama mkebe. Na nganya zingine, tusemezane ukweli, zinabeba uzito wa spika na skrini na rimu ambao hakuna mtu alipiga hesabu yake. Kupenda nganya hakumaanishi ufunge macho. Maserati iliyopinduka 1960 pia iliua watu.

Ndio maana hii stori ya jina si ya sifa peke yake.

Tazama ubavu wa 3500 GT. Karibu na boneti kuna beji ya Touring, na maandishi ya Superleggera kama sahihi ya mtu kwa barua. Gari ya Zagato ina Z. Ya Pininfarina ina f. Huyo Pininfarina kwanza stori yake ni tamu: jina lake lilikuwa Battista Farina, mtoto wa kumi kati ya kumi na moja, nyumbani wakamwita Pinin, yaani Kadogo. Kadogo likashika mpaka 1961 serikali ya Italia ikamkubalia familia yake iitwe Pininfarina kisheria. Jina la mtaani likawa jina la kitambulisho, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwa magari na kila mtu alilijua.

Sasa zunguka nganya yoyote. Utasoma jina la rapa. Utasoma jina la mchezaji mpira. Utasoma sacco, utasoma mstari wa Biblia, utasoma tusi limefichwa ndani ya mstari wa Biblia. Mchoraji wa graffiti siku hizi huweka sahihi na namba ya simu, na ni haki yake, hasa tukikumbuka kwamba baada ya sheria za Michuki za 2004 hiyo sanaa ilikuwa imebanwa mpaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliposema waachwe wachore. Kampuni kubwa za bodi nazo huweka stika yao, Choda wanaweka, wengine wanaweka. Poa. Lakini yule mtu aliyekunja lile bati la mgongo, aliyeamua taa zikae pembe gani, aliyechomelea kila kiungo cha paa juu ya vichwa vya watu thelathini na tatu? Huyo hayuko popote.

Nilienda kwa gereji moja, sitaitaja, kurekodi nganya ikitoka. Mwenye gari yuko, deree yuko, mimi niko na kamera, kuna hata keki. Nikaona jamaa amesimama kando na ovaroli, macho mekundu ya kuchomelea bila miwani, anaangalia gari vile mtu huangalia mtoto wake akienda fomu wani. Nikamuuliza kama ni yeye. Akasema kuanzia mlango kurudi nyuma ni yeye. Nikataka kumuweka kwa video, msimamizi akaingilia: mafundi hawaonyeshwi. Mbona? Watanunuliwa na gereji ingine. Hiyo ndiyo sababu. Ukijulikana utalipwa vizuri, kwa hivyo usijulikane.

Wengine wataniambia basi si hiyo ni biashara, kila kampuni huficha watu wake wazuri. Ferrari hawakumficha Scaglietti. Alikuwa kando ya barabara, na kazi yake, na mlango wake, na mkopo wa benki ambao Enzo mwenyewe alimsaidia kupata. Na upande wa pili ni huu: jina likiwa kwa bodi, siku paa linafunguka tunajua tumuulize nani. Saa hii gari likianguka tunajua deree, tunajua sacco, tunajua mwenye gari, halafu mlolongo unaishia kwa ukungu. Fundi mzuri ananyimwa sifa na fundi mbaya anapewa maficho, kwa kitu kimoja hicho.

Na saa inakimbia. Touring walifungwa 1966. Hawakukosa ufundi. Walikosa chasisi. Magari yalianza kutengenezwa bodi na chasisi kitu kimoja, kiwandani, na hakuna tena mifupa ya kuletewa uivalishe. Kazi iliyokuwa ya kila mtaa wa Turin na Milano ikabaki ya wachache.

Hapa Nairobi mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kubeba abiria 2022, za kwanza zikiwa BYD K6 kutoka China. Mimi siyapingi. Nimeyapanda, hayana moshi, hayapigi kelele, na mama mwenye mtoto wa pumu hapa Kariokor hatataka kusikia mashairi yangu kuhusu nganya. Lakini basi la namna hiyo likifika, umbo lake limeshaamuliwa mbali. Betri, sakafu na mifupa vimechorwa pamoja. Fundi wa kuanzia mlango kurudi nyuma anaachiwa nini? Stika? Kama sheria zitaandikwa za umeme, ziandikwe na bodi ijengwe hapa, chasisi ije tupu kama NQR inavyokuja, na hilo linataka mtu aweze kusimama mbele ya serikali aseme hawa ndio watu wetu, haya ndiyo majina yao, na hizi ndizo gari walizojenga. Saa hii hiyo orodha haipo. Nganya ikizeeka inapakwa rangi nyeupe, inang'olewa spika, inauzwa iende ushago kubeba watu wa soko, na historia yake inaisha hapo.

Jina la Touring lenyewe lilifufuliwa 2006, miaka arobaini baadaye, na watu wengine kabisa. Walinunua jina. Liliweza kununuliwa kwa sababu lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa magari na dunia ilikuwa bado inalisoma.

Kwa hivyo komenti za leo nataka moja tu ya aina hii. Kama unajua nani alijenga mgongo wa ile nganya ya route yenu, andika jina lake, gari, na mwaka. Muulize kwanza kama anataka kuandikwa. Usiniletee jina la mwenye gari, na la deree tunalo tayari. Nitaanza na yule wa ovaroli, ameshanikubalia, na hataki jina la kitambulisho. Anataka liandikwe Kanyundo.